Dada, Maumivu Yako Yana Haki ya Kusikizwa

(Haya ni mazungumzo tuliyofanya na vijana wa Buruburu. Tumeyaandika hapa kwa wale ambao hawakufika.)



Nawaona mabarobaro mlioketi karibu na mlango. Mmesikia mada ya leo ni afya ya uzazi ya kina mama na mko tayari kutoroka. Kaeni, tafadhali. Leo nawahitaji ninyi sana.

Nianze na duka. Nenda duka lolote hapa mtaani, kuanzia Phase 1 mpaka Phase 5, ununue mkate. Utapewa mkate wako, ubebe mkononi, uende zako. Sasa nunua pedi. Mwenye duka ataangalia huku na huku, azifunge kwa gazeti, kisha akupe haraka kama mtu anayeuza mali ya wizi. Hana nia mbaya, anadhani anakusitiri. Lakini binti wa miaka 12 akiona hivyo mwezi baada ya mwezi, kuna jambo anajifunza: kinachotokea mwilini mwangu ni cha kufichwa. Na siku kikimuuma kupita kiasi, maumivu nayo atayaficha.

Hebu jiweke mahali pake. Una miaka 17. Kila mwezi kuna siku mbili tatu huendi shule. Unatapika, kiuno kinakatika, damu inatoka nyingi mpaka unaogopa kuketi kwenye kiti cha watu. Nyumbani unaambiwa, "Vumilia, sote tulipitia hayo." Unakwenda kliniki. Kabla hujaulizwa ni wapi panauma, unaulizwa kama umeolewa. Ukisema bado, unatazamwa kwa lile jicho la "kwani umekuwa ukifanya nini?" Unapewa tembe za kutuliza maumivu na ushauri wa bure: "Ukizaa yataisha." Unarudi nyumbani ukijiuliza kama labda wewe ndiye mdhaifu.

Sasa nikuulize wewe ndugu. Ukiumia goti kwenye mpira, uende hospitali likiwa limevimba, kuna mtu atakwambia uoe kwanza ndipo upone?

Kuna ugonjwa unaoitwa endometriosi. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa tumbo la uzazi zinamea mahali pasipo pake: kwenye ovari, kwenye mirija, kwenye utumbo, na mara chache hata kifuani. Zinaleta uvimbe na makovu, na wakati mwingine viungo vya ndani vinashikana. Mwenye nao anaweza kupata maumivu makali ya hedhi, maumivu akienda haja, maumivu katika ndoa, na wengine wanapata shida ya kushika mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, kama watu milioni 190. Ni mmoja katika kila kumi. Hesabu kina dada na kina mama uliopanda nao matatu ya 58 wiki hii, halafu uniambie kama jambo hili liko mbali nawe. Ugonjwa huu haujapata dawa ya kuumaliza kabisa, lakini kuna matibabu yanayopunguza maumivu, na kuna upasuaji. Kuzaa si tiba yake.

Wengi wenu mnamkumbuka Njambi Koikai, yule MC wa reggae tuliyezoea kumwita Jahmby. Alisimulia mwenyewe hadharani, bila kuficha, kwamba mateso yake yalianza na hedhi ya kwanza, akiwa na miaka 13. Ugonjwa ulifika mpaka kifuani, pafu likawa linasinyaa na pumzi inakata. Alipasuliwa mara nyingi. Mwaka 2018 Wakenya walimchangia akaenda kutibiwa Atlanta, Marekani. Aliporudi hakunyamaza, alitumia sauti yake kuwafundisha wasichana wengine jina la ugonjwa huo. Alifariki Juni 3, 2024. Wengi wetu tulilisikia neno endometriosi mara ya kwanza kutoka kwake. Jiulize kwa nini hatukulisikia shuleni, wala nyumbani, wala kliniki.

Na lile neno "vumilia" haliishii kwenye hedhi. Linakungojea mpaka wodi ya kujifungua.

Hapa Eastlands wengi wetu tumezaliwa Pumwani, hospitali iliyoanza mwaka 1926, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mnajua pia kwamba kuna kina mama waliojifungua huko wakazuiliwa kwa sababu hawakuweza kulipa bili. Wawili wao hawakukubali yaishe hivyo, wakaenda kortini. Septemba 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni la hospitali ni kuvunja haki zake, na ikaamuru walipwe fidia.

Mwaka 2013 ikatokea ya Bungoma. Mama mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Vitanda havikutosha. Uchungu ulipomzidi alijikokota mwenyewe kwenda chumba cha kujifungulia, akazaa sakafuni. Alipoamka aliwakuta manesi wakimtukana, wamempiga, ati amechafua sakafu. Mtu alirekodi kwa simu, na nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Kesi ilichukua muda, lakini Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa haki: ilisema heshima yake ya kibinadamu ilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Na korti haikuwalaumu manesi peke yao. Ililaumu pia serikali kuu na ya kaunti kwa kutoweka rasilimali za kutosha. Hilo tulishike vizuri, kwa sababu nesi mmoja akiachiwa wodi iliyojaa, naye pia amedhulumiwa. Lakini uchovu haumpi mtu ruhusa ya kumpiga kofi mama aliyetoka kuzaa.

Mnaona mambo haya yanavyofuatana? Binti anaambiwa hedhi ni ya kuficha, msichana anaambiwa maumivu ni ya kawaida, mama anaambiwa asipige kelele. Kila mahali mwanamke anapimwa kwa jinsi anavyonyamaza, na anayenyamaza vizuri ndiye anayesifiwa.

Wengine watasema, "Lakini sisi Waislamu tuna haya." Ni kweli, na haya ni sehemu ya imani. Lakini tusichanganye haya na aibu. Fatima bint Abi Hubaysh, radhiyallahu anha, alikuwa akitokwa na damu isiyokatika. Alikwenda kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, akamweleza waziwazi. Hakufukuzwa, hakuulizwa amefanya nini, hakuambiwa avumilie. Alielezwa kwamba hiyo si hedhi, ni mshipa, na akafundishwa namna ya kuswali katika hali yake. Mwanamke alieleza dalili zake, akasikizwa, akajibiwa kwa ilimu. Kama jambo hilo lilizungumzwa Madina, kwa nini lisizungumzwe Buruburu?

Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na kimetaja huduma za afya ya uzazi kwa jina. Kifungu cha 28 kinalinda heshima yako. Hakuna palipoandikwa kwamba haki hizi ni za walioolewa tu.

Basi, tufanye nini? Dada, nina mambo matatu kwako.

La kwanza, andika. Weka daftari au tumia simu. Hedhi ilianza tarehe ngapi, ilichukua siku ngapi, ulibadilisha pedi mara ngapi kwa siku, maumivu ni ngapi kwa kumi, ulikosa shule au kazi siku ngapi. Ukifika kwa daktari na rekodi ya miezi mitatu, ni vigumu kuambiwa unajidekeza.

La pili, usiende peke yako, na uulize. Nenda na mama, dada, shangazi au rafiki. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, sema mapema, si utovu wa adabu. Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya, ya mwaka 2013, inatambua haki yako ya kuheshimiwa, kutunziwa siri, kuelezwa unachofanyiwa kabla ya kukubali, na kutafuta maoni ya daktari wa pili. Ukiambiwa ni kawaida na wewe unajua si kawaida, uliza: "Mmeondoa vipi uwezekano wa endometriosi, au wa uvimbe wa kizazi?" Swali moja kama hilo linaweza kubadilisha mazungumzo.

La tatu, ukidhalilishwa, lalamika. Andika tarehe, saa, wodi na jina kama unalijua. Anza na usimamizi wa hospitali, na uombe nakala yenye muhuri. Daktari ana baraza lake la kitaifa linalompa leseni, nesi naye ana lake, na yote mawili hupokea malalamiko ya wananchi. Wale kina mama wa Pumwani na wa Bungoma hawakuwa matajiri wala mashuhuri. Walikataa tu kunyamaza.

Na wewe ndugu uliyekaa karibu na mlango, usidhani umepona. Dada yako akisema ana maumivu, usicheke. Akikutuma pedi, nenda ukanunue, na ukirudi usifanye kama umebeba bomu. Siku ukioa, mkeo akiumwa, usimwite mvivu. Mkichelewa kupata mtoto, mwende kupimwa wote wawili, kwa sababu tatizo laweza kuwa kwako, ilhali mtaani ni yeye atakayeitwa tasa. Bili ya kliniki nayo si "mambo ya wanawake", ni ya nyumba yenu.

Najua katika mkutano huu kuna dada mmoja, pengine zaidi, aliyemeza tembe asubuhi ndipo akaweza kuja. Sitakuuliza ni nani. Nakuomba jambo moja tu: kabla ya kulala leo, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Na wewe utakayeambiwa, jibu lako la kwanza lisiwe "vumilia". Liwe "nakuamini, twende lini hospitali?"

Allah awaponye wagonjwa wetu, na amrehemu kila mama aliyefia kwenye uzazi.