Misuli Imara kwa Mzee Mwenye Kisukari

Kutembea nyuma ya mifugo ni kuzuri, lakini mwenye kisukari aimarishe misuli pia, kwani ndiyo inayonyonya sehemu kubwa ya sukari baada ya chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Keti kitini, simama, rudia mara 10. Inua chupa za maji za nusu lita. Usibane pumzi. Unayetumia insulini, pima sukari kwanza, uwe na kitu kitamu karibu. Vaa viatu, kagua nyayo. Kifua kikiuma, acha, tafuta daktari upesi. Dawa zako usiziache. Koko, babu, anzeni leo, pole pole.