MAJI HAYAZIMI KILA MOTO

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

 

Leo sitazungumza juu ya kahawa wala mahindi. Nitazungumza juu ya ndoo ya maji. Hapa kwetu mtu akipiga yowe la moto, kila nyumba hutoa ndoo. Akina mama hukimbilia kisimani, vijana hupanda juu ya paa. Hiyo ni desturi njema, na tuendelee nayo.

Lakini ziko kemikali ambazo hazipatani na maji. Zikikutana nayo, nyingine huchemka na kuruka. Nyingine hutoa gesi inayowaka. Nyingine hutoa gesi inayoua. Mtu akizimwagia maji kwa nia njema, anaweza kujiumiza yeye na majirani waliokuja kumsaidia.

Mtaniuliza, "Mwalimu, kemikali hizo si ziko viwandani Dar es Salaam? Sisi zinatuhusu nini?" Zinatuhusu sana. Zimo katika vijiji vyetu. Nitataja nne.

KEMIKALI NNE ZILIZO KARIBU NASI

Ya kwanza ni maji ya betri. Tunayaita maji, lakini ni tindikali. Yamo katika betri nyingi za magari na katika betri nyingi za sola. Hula nguo, hula chuma, huunguza ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kulipofua. Tindikali kali ikimwagiwa maji kidogo hupata moto mwingi ghafla, ikachemka na kumrukia mtu usoni. Kwa sababu hiyo mafundi wana sheria moja: tindikali huingizwa katika maji polepole, maji hayamwagwi katika tindikali. Tena betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usiisogelee na kibatari wala sigara.

Ya pili ni chokaa isiyozimwa. Hii ni ile iliyotoka tanuruni, haijatiwa maji bado. Aliyewahi kuzima chokaa anajua jinsi inavyochemka bila moto chini yake. Joto lake linaweza kuwasha magunia, nyasi na mbao. Wenye boti na mitumbwi, sikilizeni: msiipakie chini kabisa, pale maji yanapojikusanya. Chokaa ya kilimo, yaani mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa, haina hatari hiyo. Lakini kabla ya kupakia, uliza na usome gunia.

Ya tatu ni kabaidi. Ni mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huyatumia kutengeneza gesi. Kabaidi ikiwa kavu, imetulia. Ikiguswa na maji, hata matone ya mvua yanayopenya paa bovu, hutoa gesi inayowaka upesi sana. Basi pipa la kabaidi likiwaka, kila ndoo ya maji ni kama kuongeza petroli. Pipa lililoingia unyevu nalo lisifunguliwe kwa nyundo na patasi ya chuma. Cheche moja inatosha.

Ya nne ni vidonge vya kufukiza ghala, kama vile Phostoxin. Vidonge hivi vikipata unyevu, hata unyevu wa hewa tu, hutoa gesi ya sumu. Gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu wa mahindi, na ndiyo inayoua watu wanaolala chumba kimoja na magunia yaliyotiwa vidonge. Haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Vidonge vingi vikilowa pamoja vinaweza pia kuwaka vyenyewe. Kazi ya kuvitumia ni ya mtu aliyefundishwa, katika ghala lisilokaliwa na watu.

Msidhani ni lazima maji yawe mengi ndipo hatari itokee. Mwaka 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, maji yaliingia katika tangi la kemikali la kiwanda cha dawa za kuua wadudu. Gesi ya sumu ikatoka usiku, watu wamelala. Maelfu walikufa.

HATARI IPITAYO BARABARANI

Sasa tutazame barabara. Zamani kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ilikuwa safari ya vumbi na matope. Leo kuna lami, kilomita 66. Barabara hii ni sehemu ya njia inayotoka bandari ya Mtwara hadi Ziwa Nyasa. Lami huleta wanunuzi wa kahawa na samaki. Huleta pia malori makubwa, na milima yetu ina mteremko mkali na kona nyingi.

Mwezi Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe nchini Kongo, kwenye barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, lori lililobeba tindikali ya migodini liligongana na basi la abiria. Tindikali ikawamwagikia watu. Karibu watu 20 walikufa. Hawa hawakuwa wafanyakazi wa mgodi. Walikuwa wasafiri, kama sisi tunavyosafiri kwenda Songea.

Mwaka huohuo, tarehe 10 Agosti, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota. Moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Petroli si tindikali, lakini nayo haizimwi kwa ndoo ya maji. Huelea juu ya maji, ikasambaa nayo huku inawaka. Somo la Msamvu na somo la Kabwe ni moja: lori likipinduka, usiende kutazama wala kuchota. Hujui limebeba nini.

KUSOMA KUNAOKOA

Je, tutajuaje limebeba nini? Hapa ndipo kisomo chetu kinapopata kazi.

Vyombo vya kemikali na magari yanayozibeba hutakiwa kuwa na alama. Alama ni mraba uliosimama kwa pembe yake, kama kitambaa kilichotundikwa. Jifunzeni mbili. Ukiona alama ya buluu yenye mwali wa moto, maana yake ni hii: kitu hiki kikilowa, hutoa gesi inayowaka. Maji ni marufuku. Ukiona alama nyeusi na nyeupe yenye picha ya kimiminika kinachodondokea mkono na chuma, kitu hicho kinaunguza.

Magari mengine hubandika kibao cha rangi ya machungwa chenye namba mbili, moja juu na moja chini. Namba ya chini ni jina la kemikali kwa tarakimu. Namba 1830 ni tindikali kali. Namba 1402 ni kabaidi. Namba ya juu ikianza na herufi X, usimwage maji. Herufi X tuliisoma katika somo la alfabeti. Mtu mmoja anayeiona kwa mbali anaweza kuzuia ndoo za kijiji kizima.

TUFANYE NINI?

Kemikali ikimwagika au ikiwaka, tufuate hatua hizi:

1. Zuia watu. Usikimbilie. Kwanza ondoa watoto, kisha wasiohusika wote.

2. Simama upepo unakotokea, ili moshi na gesi viende mbali nawe. Simama upande wa juu wa mteremko, maana kinachomwagika hushuka. Kaa angalau hatua 100. Kama ni tangi la lori linalowaka, nendeni mbali zaidi, karibu kilomita moja.

3. Soma alama na namba ukiwa hapohapo mbali. Usisogee ili uone vizuri.

4. Piga simu. Zimamoto na Uokoaji ni namba 114. Polisi ni 112. Sema mahali, sema namba uliyoisoma, sema kama kuna majeruhi. Gari la zimamoto laweza kuchelewa kufika vijiji vya mbali, kwa hiyo simu ipigwe mapema.

5. Kama ni kabaidi kidogo inayowaka kwa fundi, tumia mchanga mkavu au udongo mkavu. Mchanga uliolowa haufai. Kama mchanga mkavu hautoshi, acha iwake, uokoe watu. Nyumba hujengwa tena.

6. Kama ni vidonge vya ghala, toka nje, zuia watu wasiingie, na mwite mtaalamu.

7. Kilichomwagika kisifike mtoni. Mvua au maji ya kusafishia yakikipeleka Ruhuhu, kitafika ziwani, kwenye dagaa na mbasa wetu. Kazi ya kukizuia na kukiondoa ni ya wataalamu wenye nguo na vifaa.

MTU AKIUNGUZWA

Hapa msikilize kwa makini, maana sasa maji yanageuka kuwa dawa.

Tindikali ikimpata mtu mwilini, mvueni nguo zilizolowa na mmwagieni maji safi, mengi, yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20 au zaidi. Mzee mmoja ataniuliza, "Si umesema maji ni hatari?" Ndiyo, mzee wangu. Maji kidogo huwasha moto wa tindikali. Maji mengi huiondoa na kuipoza. Kumpangusa mtu kwa kitambaa chenye unyevu hakufai. Mwageni, endeleeni kumwaga.

Chokaa isiyozimwa ikiwa mwilini, kwanza ikung'uteni ikiwa kavu, halafu mwageni maji mengi. Lakini kama imeingia jichoni msingoje: fungueni jicho kwa vidole na mwageni maji mara moja, dakika 20 au zaidi.

Msimpake mafuta, majivu, unga wala dawa ya meno. Aliyemeza tindikali msimtapishe. Aliyevuta gesi atolewe kwenye hewa safi, lakini anayemtoa asiingie penye gesi akawa wa pili kuanguka. Wote hawa wapelekwe kituo cha afya au hospitali haraka.

MWISHO

Tanzania ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini sheria haikai nyumbani kwako. Wewe ndiwe unayeweka tindikali katika chupa ya soda, mtoto akainywa. Wewe ndiwe unayepakia kabaidi chini ya paa linalovuja. Nawaombeni jioni ya leo kila mtu akague nyumba yake. Kemikali ikae katika chombo chake chenye maandishi, pakavu, pamefungwa, mbali na watoto na chakula. Na kila fundi wa kuchomelea awe na pipa la mchanga mkavu.

Yowe likipigwa, njooni na ndoo kama kawaida. Lakini awepo mmoja wa kuuliza kwa sauti, "Kinachowaka ni nini?" Jibu lije kwanza, ndipo maji yafuate.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu ni nani wanaotumia kabaidi, tindikali au vidonge vya ghala? Wanaviweka wapi?
2. Kwa nini maji kidogo ni mabaya kwa tindikali, lakini maji mengi humsaidia aliyeunguzwa?
3. Lori likipinduka kwenye mteremko wetu, nani atapiga simu na nani atazuia watoto?

MAANA YA MANENO

Tindikali: kimiminika kikali kinachounguza ngozi na kula chuma.
Kuzima chokaa: kuitia maji ili joto lake litoke.
Kufukiza: kuua wadudu kwa moshi au gesi.