Mtoto Anayechelewa, na Kioo Kinachosoma Damu

Leo tuzungumze juu ya mtoto anayechelewa. Wenzake wanakaa, yeye bado. Wenzake wanaita "mama", yeye ananyamaza. Halafu maneno yanaanza: "Wamemuroga," ao "Mama yake alivunja mwiko." Mama analia, baba anahama nyumba.

Sisi wa Kamina tunajua treni, sivyo? Basi, mwili wa mtu una treni ndogo sana ya wagoni 46: 23 za baba, 23 za mama. Waganga wanaziita kromozomi. Magunia yaliyo ndani ni ADN, ni kusema maagizo ya kujenga mwili. Mwaka 1959, huko Paris, muganga Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watoto wenye hali ya Down wana wagoni 47. Hiyo moja ya kuzidi, mikroskopi inaiona. Lakini kama wagoni zote zipo, na gunia moja dogo limeanguka njiani? Mikroskopi haioni.

Kwa hiyo walitengeneza kioo. Mashine inapanda vipande vidogo vya ADN juu yake kwa mistari, kama mahindi shambani, maelfu kwa maelfu, kila aina na shimo lake. ADN ya mtoto, iliyotolewa katika damu, inatiwa rangi moja. Ya mtu mwenye afya, rangi nyingine. Zinamwagwa pamoja, na kila kipande kinashika mwenzake. Mahali rangi ya mtoto imepungua, gunia limepotea. Ikizidi, kuna gunia la ziada. Waganga wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wamekwisha kupima watoto wa Congo kwa njia hii.

Kioo hakiponyi. Lakini kinaonyesha ukweli: si uchawi, si mwiko. Mara nyingi kosa linatokea lenyewe, mbegu ya baba ao yai la mama linapofanyika. Mara nyingine mzazi analibeba bila kujua. Ndiyo sababu hata wazazi wanaweza kupimwa.

Usingoje kioo, mama. Mlete mtoto kliniki mapema, moyo wake usikilizwe, maana karibu nusu ya watoto wa Down wanazaliwa na kasoro ya moyo. Mnyonyeshe polepole, apate chanjo zote, mwongeleshe kila siku, mzoeze kukaa. Na jirani akisemwa vibaya kwa ajili ya mtoto wake, wewe uliyesikia haya, nenda ukakae naye.