Ziwa likipanda, maji hayaondoki kesho

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

  Mama uliye kwenye foleni ya bomba, kijana unayesikiliza kwa simu ya rafiki yako, karibuni nyote.

Leo mazungumzo yetu yanahusu mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Bujumbura. Nimeyaleta kwa sababu watu wananisimamisha njiani na kuniuliza: "Wewe mtu wa redio, maji kule yamekwisha?" Wanaouliza ni watu wanaofikiria kurudi nyumbani. Swali lao si dogo.

Wengi wetu tunazikumbuka fukwe zile. Jumapili watu walishuka kutoka mjini kwenda Saga Plage, wengine Karera. Viti juu ya mchanga, mukeke wa kuchoma na ndizi, watoto majini, vijana na mpira wao. Kwa mgeni palikuwa mahali pa kupumzika. Kwa jirani zetu palikuwa mahali pa kazi. Kuna aliyechoma samaki, kuna aliyelinda geti, kuna aliyeosha glasi.

Shangazi yangu alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja pale. Mwaka 2024, baada ya mvua nyingi, ziwa lilipanda mpaka kwenye majengo. Alinieleza kwa simu siku zilivyokwenda. Kwanza waliweka magunia ya mchanga mlangoni. Asubuhi wafanyakazi walifika na viatu mkononi. Viti vikapandishwa ghorofani, magodoro nayo yakafuata. Kisha wageni wakaacha kuja, na tajiri akawaambia wafanyakazi wakae nyumbani mpaka awaite. Hakuna mgeni, hakuna mshahara.

Na nyumbani kwenyewe kulikuwa na maji. Choo kilijaa. Mkaa ulilowa. Jioni watu walijifungia mapema, kwa sababu viboko walikuwa wakipita mpaka karibu na nyumba. Shangazi akaanza kuuza ndagala kando ya barabara, mafungu madogo madogo, ili watoto wapate kula.

Siku moja binamu yangu alitutumia picha. Jua kali, maji ya buluu, mwavuli wa nyasi wa ufukweni. Mama yangu akaitazama, akacheka kwa furaha. Akasema, "Tazama, kwetu pametulia. Kesho naenda kujiandikisha nirudi." Nikaichukua simu, nikaitazama tena. Ule mwavuli ulikuwa umesimama katikati ya maji. Mchanga tuliokuwa tukikalia ulikuwa chini.

Msikilizaji, mafuriko ya mto na mafuriko ya ziwa si kitu kimoja. Watu wa Gatumba wanakumbuka Aprili 2020, mto Rusizi ulipovunja kingo na maelfu wakahama. Maji ya mto huja kwa nguvu na kubomoa, lakini mara nyingi mto wenyewe hurudi njiani mwake. Ziwa hupanda polepole, na hushuka polepole zaidi. Mito mingi inaingia Tanganyika, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie nchini Kongo. Na hata huo hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya maji hukaushwa na jua. Kwa hiyo mvua za miaka kadhaa zikilijaza ziwa, kiangazi kimoja hakitoshi kulirudisha. Maji yanaweza kutulia kabisa, yakapendeza machoni, na bado yakawa ndani ya nyumba ya mtu.

Ndiyo sababu nakuomba, kabla ya kuamua, piga simu na uulize mambo matatu.

La kwanza: kiwanja chetu kiko umbali gani na ziwa? Sheria ya maji ya Burundi inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Hata kama maji yameshuka, ukijenga hapo unaweza kuambiwa uhame. Usiuze vitu vyako hapa ili ukanunue mabati ya kiwanja cha namna hiyo.

La pili: maji ya kunywa yanatoka wapi, na vyoo vikoje? Choo kikifurika, uchafu huingia kisimani na ziwani. Kipindupindu hakionekani kwenye picha. Mwanzoni mwa 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo. Hapa kambini pia, mtu akianza kuharisha kama maji, mpeleke zahanati haraka. Njiani mpe maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae kupita kiasi.

La tatu: kazi ipo? Kama ulitegemea hoteli au ufukwe, uliza kama pamefunguliwa, na kama walioitwa kurudi wanalipwa. Na umuulize mtu anayelala pale. Aliyepita Jumapili kutembea atakuambia ziwa ni zuri, naye hatakuwa amesema uongo.

Mama yangu tulimpigia shangazi, akauliza yote matatu. Jibu la kwanza peke yake lilimnyamazisha. Nyumba ya zamani iko karibu mno na maji. Hakusema kwamba harudi. Alisema atamuuliza kaka yake aliyeko mlimani kama kuna pembe ya shamba ya kuweka chumba kimoja. Bado tunasubiri jibu.

Sikuambii urudi, sikuambii ubaki. Uamuzi ni wako na wa familia yako, wala asikusukume mtu. Ninachosema ni hiki: usiamue kwa picha.

Ukiwa na ndugu kando ya ziwa, iwe Uvira, Rumonge, Kalemie au Kigoma, njoo studio utueleze anaishije sasa. Jirani yako anahitaji kusikia.

Kwa leo naishia hapa. Chemsheni maji, mlale salama. Kwaherini.

(Muziki unapanda.)