Kuanzisha na Kuitikia: Uimbaji wa Ibada Karagwe na Kyerwa

Bwana Yesu asifiwe!

Mmeitikia wote, hata profesa wa mstari wa mbele aliyekuwa akisoma ratiba. Makamu Mkuu wa Chuo, baba askofu, walimu wa kwaya, wazee wetu mliotoka Kayanga, Nkwenda na Murongo: itikio hilo ndilo mada yangu. Tunapotafuta moyo wa ibada katika wimbo, tumezoea kumtazama anayeanzisha. Mimi namtazama anayeitikia.

Nchi hii haikufundishwa kuimba na wamisionari. Msafiri Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861 alikuta ngoma za ikulu zikiwa na heshima zake. Nanga, ala yetu ya nyuzi, nayo ilisimulia habari za mashujaa. Wamisionari wa Betheli walioingia Bukoba mwaka 1910 walileta tenzi za Kijerumani, na nanga ikakaa nje ya mlango wa kanisa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kilichobadilisha uimbaji wetu kwa kina, kwa maoni yangu, ni Uamsho. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, na mkutano wao ukawa chanzo kimoja cha Uamsho huo. Gahini, alikotumika Church, iko mashariki mwa Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera ukitazama kutoka kwetu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 moto ule ulikuwa umevuka hadi kwetu.

Angalieni wimbo ulivyofanya kazi katika vikao vya Uamsho. Mtu anasimama, anaungama: mbuzi aliyemwiba, jirani aliyemsengenya, mke aliyempiga. Akimaliza hapigiwi makofi. Wenzake wanampokea kwa Tukutendereza, bila kinanda, kwa Kiganda, lugha ambayo Mnyambo wa Karagwe hakunyonya kwa mama yake. Waliokuwa wakiimba walikuwa wanamwambia: tumekusikia, na bado u wetu. Sisemi vikao vile vilikuwa safi siku zote. Wapo waliojifunza kuungama kwa madoido.

Hatari hiyo ya kupenda madoido ni ya zamani: Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, anajilaumu kwa nyakati ambazo sauti ilimgusa kuliko neno lililoimbwa. Namwelewa, ila simfuati mpaka mwisho. Ni yeye huyo aliyelia kwa nyimbo za kanisa la Milano siku za ubatizo wake, na hajutii machozi yale.

Mwaka jana nililala matangani Kyerwa, chini ya turubai, migomba imetuzunguka. Usiku wa manane bibi mmoja akaanzisha wimbo. Akashika juu mno. Ubeti wa kwanza alibaki karibu peke yake, mishipa imemtoka shingoni. Ubeti wa pili mzee mmoja wa besi akaingia chini, taratibu. Akinamama wakateremka naye, hadi bibi naye akashuka bila kukata neno. Hakuna aliyemgeukia. Aliyekuwa akipika ndizi aliitikia huku mwiko ukichuruzika mkononi.

Sasa nenda ibada ya Jumapili mahali pengi. Kwaya ina sare, ina video, ina spika zinazotikisa mabati. Washarika wamekaa wanatazama, wengine wanarekodi kwa simu. Kinanda hakina kosa, na utunzi wetu si haba: Wilson Niwagila, mchungaji na mwanahistoria wa kanisa la Kagera, alitunga mwaka 1966 wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu ambao leo umo katika kitabu cha nyimba cha Walutheri wa Marekani cha 2006. Ugomvi wangu ni na sauti inayopandishwa mpaka asiyeshika kipaza sauti hajisikii hata yeye mwenyewe. Huyo ataacha kuimba, na hakuna atakayejua ameacha. Kule matangani tungejua mara moja.

Nimewaomba mafundi mitambo wazime spika kwa ajili ya wimbo wa kufunga. Mwanzishaji wetu ana mafua. Akishika juu, mshusheni.