Funika, Uache

Leo tutaanzia jikoni. Akina mama mnivumilie, maana nasema mambo nisiyoyazoea.

Mwezi wa Julai, katika baridi yetu ya Kitale, binti yangu alirudi nyumbani kutoka Nairobi bila kazi na bila maneno. Mimi, kwa desturi ya baba na ya mchungaji, nilimwuliza asubuhi, nikamwuliza jioni: kumetokea nini? Jibu lilikuwa moja tu, "Hakuna, Baba."

Siku moja akasema atatupikia piza, ile mikate bapa ya Waitalia. Alipima vikombe 3 vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, chumvi, sukari kidogo na kikombe kimoja cha maji vuguvugu. "Yasiwe moto," alinionya, "hamira ina uhai, utaiua." Akakanda kama dakika 10, hata donge likawa laini, likavutika bila kukatika. Akalipaka mafuta, akalifunika kwa kitambaa.

Nami nikaanza kufunua. Robo saa, nikafunua. Nikafunua tena. Mwisho nikaisogeza sufuria karibu na moto ili niharakishe kazi. Upande mmoja ukaanza kuiva, wa pili ukalala vile vile. Binti yangu akatazama, akasema kwa upole, "Baba, kila ukifunua unaupoza. Na sasa umeuchoma."

Ndugu msikilizaji, katika chuo cha theolojia nilifundishwa mfano wa chachu, Mathayo 13:33. Nilijua kwamba pishi tatu za unga ni mkate wa kulisha watu mia na zaidi. Nilijua kwamba siku zile hapakuwa na hamira ya pakiti. Mtu aliweka akiba kipande cha donge la jana. (Wazee wa Bungoma wanaijua chachu kwa njia nyingine, lakini hayo tuyaache.) Nisichokuwa nimekiona ni hiki: mwanamke yule akiisha kuificha chachu, Bwana hatuambii kwamba alifanya neno lingine lolote.

Nikaacha kuuliza. Haikuwa rahisi, mke wangu ni shahidi.

Mwezi wa Agosti tulishuka Bungoma kwa mama yangu. Kule ni chini zaidi, kuna joto. Unga uliotaka saa mbili Kitale uliumuka kwa saa moja. Bibi yake hakumwuliza neno, alimpa nyanya na vitunguu akatekate. Tukaoka kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Tulipokuwa tukingoja, sisi watatu tumeketi kimya, mtoto akaanza kusema mwenyewe. Alisema mpaka makaa ya juu yakawa majivu. Aliyoyasema si ya redioni.

Piza iliungua kidogo chini. Tuliila yote.

Kwaherini.