Neno Dogo Mwishoni mwa Swali: Viulizi na Vihusishi vya Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Kiswahili



Kila anayesahihisha madaftari ya kidato cha kwanza anazijua sentensi hizi: "Who is your name?" "Where do you come?" "I am waiting you." Hupigwa mstari mwekundu, mwanafunzi huambiwa akariri, na wiki ifuatayo huziandika tena. Hoja yangu jioni hii ni kwamba makosa haya yana mantiki, na mantiki yenyewe ni ya Kiswahili. Mwalimu asiyeionyesha atayasahihisha makosa hayohayo mpaka astaafu.

Mtoto anayeandika "Who is your name?" ameuliza "Jina lako nani?", kama wanavyouliza watu wote mtaani kwao. Kiswahili kikitaka jina humuulizia mtu. Kiingereza hulihesabu jina kuwa kitu, hivyo hudai "what". Vivyo hivyo "Unaonaje?": ile -je humsukuma mwanafunzi kwenye "how", wakati Mwingereza huuliza "What do you think?". Kwingineko lugha hizi mbili zinakaribiana, nasi hatuitumii bahati hiyo. Tofauti ya "kitabu gani" na "kitabu kipi" inakaribia sana ile ya "what book" na "which book": kipi huchagua katika vitabu vilivyokwisha kujulikana. Anayeisikia tofauti hiyo kwa Kiswahili amekwisha kujifunza nusu ya somo.

Ugumu mkubwa uko kwenye vihusishi. Tazameni sentensi tatu: yuko shuleni, anakwenda shuleni, anatoka shuleni. Neno "shuleni" halikubadilika hata herufi moja. Kinachotuambia kama mtoto ametulia, anaelekea au anaondoka ni kitenzi. Kiingereza kimeugawa mzigo huo kwa vineno vitatu: "at school", "to school", "from school". Ndiyo maana "Unatoka wapi?" huzaa "Where do you come?". Mwanafunzi anaamini kitenzi chake kimeshasema yote. Kwa Kiswahili, kweli kimesema.

Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu mwanzo. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya mwisho vilivyoonyesha uhusika wa nomino, na katika karne zilizozunguka uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066 vingi vilififia. Kazi yake ikaangukia vihusishi na mpangilio wa maneno. Hata viulizi vilipungua: palikuwa na "where" ya mahali mtu alipo, "whither" ya anakokwenda na "whence" ya anakotoka. Mbili za mwisho zimetoweka katika mazungumzo ya kila siku, na "from" ndiyo inayoifanya kazi ya "whence".

Sisi nasi tunayo hazina ya viambishi vya mahali: PA, KU na MU. Kitabu kipo mezani, mtoto yuko shuleni, samaki wamo mtoni. Msikilizeni huyo -mo: ni ndani kabisa, na mara nyingi atampeleka mwanafunzi kwenye "in" bila kukariri. Si mara zote, nakiri. Abiria wamo ndani ya basi, lakini Kiingereza husema "on the bus" kama kisemavyo kwa meli na treni, ilhali kwa gari dogo husema "in the car". Hapo hakuna njia ya mkato, ni kuzoea.

Sasa viulizi na vihusishi vikutane. "Unamngoja nani?" kwa Kiingereza ni "Who are you waiting for?". Kiulizi kimekimbilia mbele, kihusishi kimebaki nyuma peke yake. Mwanafunzi hukidondosha, kwa sababu kitenzi "ngoja" hakikuhitaji msaada wowote. Na akikumbuka kukiweka, wapo walimu wanaomkata alama kwa kumaliza sentensi na kihusishi! Katazo hilo lina historia: mshairi John Dryden aliulaumu mtindo huo mwaka 1672, na Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, aliuona unafaa zaidi katika mazungumzo kuliko katika maandishi mazito. Hata Lowth hakuuita kosa. Sentensi ile ni Kiingereza sahihi, na kumwadhibu mtoto kwa ajili yake ni dhuluma.

Lakini tusikisingizie Kiswahili kila kosa. "Discuss about" haikutoka kwetu, maana sisi hujadili suala moja kwa moja. Imetoka ndani ya Kiingereza, kwa kuigiza "talk about" na "a discussion about", na utaisikia Nigeria na India vilevile.

Walimu wenzangu, nawaomba tuache kukiona Kiswahili kama uchafu wa kufagiwa nje ya darasa la Kiingereza. Andikeni ubaoni "anatoka shuleni", chini yake "he is coming from school", kisha waulizeni wanafunzi wenyewe "from" imejificha wapi katika sentensi ya juu. Wapeni muda. Watajibu wenyewe: imo ndani ya kitenzi.